Kibao Kilichorudishwa

Nyanya ndizo zilizompa Sidney Poitier uraia wa Marekani. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa Cat Island katika visiwa vya Bahama, na mavuno yao waliyavusha bahari kwenda kuyauza Miami. Februari 1927 walikuwa huko na shehena yao Evelyn aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati. Mtoto aliyezaliwa tarehe 20 alikuwa mdogo mno. Reginald, ambaye alikwisha kuzika watoto wengine, alitoka akarudi na sanduku la viatu la kumzikia. Evelyn hakukubali. Alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa mwanawe ataishi, na siku moja atatembea pamoja na wafalme.

Mtoto akaishi, na familia ikarudi kisiwani. Cat Island ya wakati huo haikuwa na umeme, mabomba ya maji wala gari hata moja, na karibu watu wote aliowaona walikuwa weusi kama yeye. Naiweka mbele habari hii kwa sababu Poitier mwenyewe aliirudia tena na tena katika vitabu vyake: utoto wote alilelewa bila kioo cha Mzungu cha kujitazamia. Alipofika Marekani na kuambiwa yeye ni mtu wa chini, alikuwa amekwisha kuwa mtu.

Baadaye Florida ilizuia nyanya za Bahama zisiingie, na kilimo cha Reginald kikafa. Familia ikahamia Nassau, Sidney akiwa na umri wa miaka kama kumi. Huko ndiko alikoliona gari kwa mara ya kwanza, na huko ndiko alikoingia sinema. Filamu ilikuwa ya mchunga ng'ombe mwenye bastola na farasi. Ilipokwisha alikimbia kwenda nyuma ya jengo na kusimama mlangoni, akisubiri watu wale na ng'ombe wao watoke.

Shule aliiacha mapema. Alipofikisha miaka 15, baba yake aliona kwamba mitaa ya Nassau itamharibu, akampeleka Miami kwa kaka yake mkubwa, Cyril. Kijana akapata kazi ya kupeleka vifurushi vya duka. Siku moja alibisha mlango wa mbele wa nyumba ya mama mmoja wa Kizungu. Akaamriwa azunguke nyuma. Hakuelewa. Mwenye kifurushi yuko hapa, kifurushi kiko hapa, nyuma kuna nini? Alikiweka chini akaondoka. Usiku watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walifika nyumbani kwa kaka yake kumtafuta. Haikupita muda mrefu akawa njiani kuelekea New York, akiwa na miaka 16 na vijisenti vichache.

New York ilimpokea kwa baridi. Alilala juu ya mapaa na katika vyoo vya kulipia vya kituo cha mabasi, akaosha vyombo mikahawani, akadanganya umri wake ili aingie jeshini mahali penye chakula na blanketi, akatoka, akarudi kwenye masufuria. Kazi za kuosha vyombo alizitafuta katika gazeti la watu weusi la Harlem, *Amsterdam News*, na safari moja jicho lake likaangukia tangazo la upande wa pili wa ukurasa: American Negro Theatre inatafuta waigizaji. Alikwenda. Frederick O'Neal, mmoja wa waanzilishi wa kundi hilo, alimpa maandishi asome jukwaani. Kijana hakujua kusoma vizuri, na lafudhi yake ya visiwani ilikuwa nzito. O'Neal alimnyang'anya karatasi, akamtoa nje na kumwambia aache kupotezea watu muda, akatafute kazi ya kuosha vyombo.

Poitier alisimulia kwamba alitembea barabarani akijiuliza mtu yule amejuaje. Hakuwa amemwambia kazi yake. Kama mgeni amemtazama mara moja tu na kuona ndani yake muosha vyombo na si kingine, basi hivyo ndivyo atakavyoonekana hadi kufa, asipofanya jambo. Akanunua redio. Kwa miezi akaisikiliza usiku na kuyarudia maneno ya watangazaji kwa sauti, hadi lafudhi yake ya Bahama ikapungua makali. Sauti ile tulivu, inayotamka kila silabi, ambayo baadaye watazamaji waliidhania ya msomi wa chuo kikuu, ilitengenezwa hivyo, na kijana aliyekuwa akinukia sabuni ya masufuria.

Kusoma alifundishwa na mhudumu mmoja mzee, Myahudi, katika mkahawa alikokuwa akiosha vyombo. Mzee alimwona akihangaika na gazeti, akakaa naye. Usiku baada ya usiku, kazi ikiisha, waliketi wawili hao kwenye meza karibu na mlango wa jikoni wakipitia habari mstari kwa mstari, mzee akimweleza maana ya koma na namna ya kulivunja neno refu vipande vipande. Poitier alikuja kumkosa kabisa; hakupata nafasi ya kumshukuru, na jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni.

Alirudi kwa American Negro Theatre akaomba awe mfagiaji wao bila mshahara, mradi wamruhusu kuingia darasani. Wakakubali. Katika mchezo mmoja aliwekwa kuwa mwigizaji wa akiba wa kijana mwingine mwenye asili ya Karibi, Harry Belafonte. Siku moja Belafonte hakuweza kufika mazoezini, Poitier akasimama mahali pake, na mgeni aliyekuwapo akamwalika katika mchezo wa *Lysistrata* wa mwaka 1946 huko Broadway. Usiku wa kwanza woga ulimshika hata akayachanganya maneno yake yote. Watazamaji wakacheka wakidhani ndivyo ilivyopangwa, na wahakiki wakamsifu.

Mwaka 1950 ikaja *No Way Out*, ya mwongozaji Joseph Mankiewicz. Poitier ni daktari kijana. Richard Widmark ni jambazi mbaguzi anayemtukana kwa kila neno chafu lililopo. Widmark hakuweza kuyavumilia maneno aliyotakiwa kuyasema, na kila walipomaliza kipande alimwendea Poitier kumwomba radhi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Bahama iliipiga marufuku filamu hiyo. Wananchi wakachachamaa, na Kamati ya Wananchi iliyozaliwa na hasira hiyo ikawa moja ya chemchemi za siasa za kudai utawala wa walio wengi. Filamu ikaruhusiwa. Evelyn, ambaye hakuwa na mazoea ya sinema, alikwenda kumtazama mwanawe, na Widmark alipompiga, mama huyo alisimama ukumbini akapaza sauti kumwambia Sidney ampige na yeye. Hamu hiyo ya Evelyn ilisubiri miaka 17 kutimizwa, na sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya Poitier imo ndani ya miaka hiyo.

Filamu iliyofuata ilimpeleka Afrika Kusini, kurekodi *Cry, the Beloved Country* pamoja na mwigizaji mkongwe Canada Lee. Makaburu hawakuwa na namna ya kuwapokea Wamarekani weusi kama wageni wa heshima. Mwongozaji Zoltan Korda akawaandikisha kama vibarua wake wa mkataba. Basi mtu aliyekuja kucheza nafasi ya kasisi aliingia nchini kisheria akiwa mali ya tajiri wake.

Mtu angedhani baada ya hapo kazi zilimiminika. Hazikumiminika. Kwa miaka kadhaa Poitier alikuwa baba wa familia asiye na uhakika wa kodi ya nyumba. Katikati ya miaka ya 1950 wakala Martin Baum alimpigia simu: kuna filamu, *The Phenix City Story*, na mshahara ni dola 750 kwa wiki. Nafasi yenyewe ni ya mfagiaji mweusi anayeshuhudia uovu wa majambazi. Ili kumziba mdomo wanamuua binti yake mdogo na kumtupa uani kwake. Poitier alisoma, akaona kwamba katika maandishi yale baba huyo hafanyi kitu. Mtoto amekufa, naye amenyamaza. Akarudi kwa Baum akasema hawezi kuicheza. Baum alimuuliza sababu: je, kuna tusi la ubaguzi ndani yake? Hakuna. Kuna jambo la aibu? Hapana. Poitier hakumweleza zaidi ya hapo.

Wakati huohuo mkewe, Juanita, alikuwa karibu kujifungua mtoto wao wa pili, na hospitali ilitaka dola 75. Poitier alitoka ofisini kwa Baum akaenda moja kwa moja kwenye kampuni ya mikopo, akaweka rehani samani za nyumbani na kukopa dola 75. Sababu aliyoificha aliiandika baadaye katika kitabu chake: Reginald Poitier, mkulima wa nyanya aliyefilisika, asingekaa kimya mtoto wake akiuawa, na mwanawe hangeweza kusimama mbele ya kamera na kuonyesha baba wa namna ile. Baada ya muda Baum alimpigia tena. Alisema mtu anayeweza kukataa fedha kiasi kile akiwa na shida kiasi kile ni mtu anayetaka kumsimamia. Wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Naukalia mkasa huu kwa sababu watu wanapoandika kuhusu Poitier huorodhesha filamu alizocheza. Mimi naona alijengwa zaidi na alizozikataa. Alipochaguliwa kwa *Blackboard Jungle*, iliyotoka 1955, mwanasheria wa studio alimtaka atie saini karatasi ya kuwakana mwimbaji na mwigizaji Paul Robeson na Canada Lee, watu walioandamwa kwa tuhuma za ukomunisti. Hao walikuwa wakubwa zake, waliotangulia kuumia. Hakutia saini. Mwongozaji Richard Brooks akamwambia apuuze, kazi ikaendelea.

Brooks huyohuyo ndiye aliyemleta Kenya. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado inaendelea walipokuja kurekodi *Something of Value*, iliyotoka 1957 kutokana na riwaya ya Robert Ruark. Poitier ni Kimani. Rock Hudson ni Peter, mwana wa mlowezi, na wawili hao wamekua pamoja kama ndugu. Msomaji wa Nairobi au Nyeri akiitazama leo ataona haraka kwamba vita vya Mau Mau vimetazamwa kutoka barazani kwa mlowezi: uchungu wa walowezi una majina na nyuso, ardhi iliyoporwa imetajwa kwa haraka. Lakini kuna tukio moja ambalo Poitier analichukua kabisa mikononi mwake. Shemeji wa Peter anamzaba Kimani kibao. Tazama uso ule. Hasemi kitu, mkono hauinuki, na katika sekunde chache unaona kijana akihesabu yote aliyoambiwa kuhusu udugu na kuyaona ni uongo. Anapokwenda msituni baadaye huhitaji maelezo. Maandishi ya filamu hayakumpa Kimani haki yake. Uso wa Poitier ulimpa sehemu yake.

Miaka miwili baada ya filamu hiyo jina la Poitier lilirudi Kenya kwa njia iliyo bora zaidi. Mwanasiasa Tom Mboya alikuwa akitafuta nauli za wanafunzi waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, na barua ya kuwaomba Wamarekani michango ilitiwa saini na watu watatu: Harry Belafonte, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, na Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York na wanafunzi 81.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, alikuwa amepanda jukwaa la Broadway katika *A Raisin in the Sun* ya Lorraine Hansberry, akiongozwa na Lloyd Richards, mtu mweusi wa kwanza kuongoza mchezo wa kuigiza wa Broadway. Akairudia katika filamu ya 1961. Kwangu hii ndiyo kazi yake bora, nami namsihi kila anayemjua kwa suti na upole wake aitafute. Walter Lee Younger ni dereva wa tajiri, mwenye ndoto ya kufungua duka la pombe. Ana wivu, anamkaripia mkewe, analewa, anatapeliwa fedha za bima ya marehemu baba yake. Poitier anaruka juu ya meza, analia, anajidanganya. Hapa aliruhusiwa kukosea, na mtu anayeruhusiwa kukosea ndiye tunayeweza kumwamini anaposimama wima.

Ruhusa hiyo hakuipata mara nyingi. Mwaka 1963 alicheza *Lilies of the Field*, filamu ndogo iliyorekodiwa Arizona kwa majuma mawili, ambayo mwongozaji Ralph Nelson aliweka rehani nyumba yake ili ikamilike, naye Poitier akapunguza mshahara wake ili apate mgawo wa faida. Anacheza msafiri anayewajengea watawa kanisa na kuondoka. Usiku wa Aprili 13, 1964, akawa mwanaume wa kwanza mweusi kupata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Anne Bancroft, aliyemkabidhi, alimbusu shavuni mbele ya kamera za televisheni, na hata busu hilo lilizua minong'ono.

Agosti ya mwaka huohuo Belafonte alimpigia simu. Vijana watatu wa harakati za haki za kiraia walikuwa wameuawa Mississippi, na wenzao waliobaki walihitaji fedha za kuendelea. Dola 70,000 taslimu zilikuwa ndani ya begi la daktari, na Belafonte hakutaka kwenda peke yake. Hoja yake ilikuwa kwamba wauaji watasita kidogo zaidi mbele ya watu mashuhuri wawili kuliko mmoja. Walitua Greenwood usiku. Walipoingia garini, taa za malori ya Ku Klux Klan ziliwaka gizani, na lori moja likaanza kuligonga gari lao kwa nyuma. Dereva hakukimbia, kwa kuwa polisi wangepata kisingizio cha kuwakamata kwa mwendo wa kasi, na kukamatwa Mississippi usiku ule kulikuwa hatari kuliko malori. Walifika. Ukumbi ulijaa watu walioimba walipowaona, na begi likamwagwa mezani.

Poitier hakusahau usiku ule. Mwaka 1966 Norman Jewison alipompa nafasi ya Virgil Tibbs, mpelelezi wa Philadelphia anayekwama katika mji wa Kusini, alikataa kurekodi Kusini. Mji ukapatikana Sparta, jimbo la Illinois. Lakini pamba haikuwapo huko, na kwa matukio ya shamba ilibidi waende Dyersburg, Tennessee, kwa siku chache. Poitier alilala na bastola chini ya mto.

Katika *In the Heat of the Night* Tibbs na mkuu wa polisi, Rod Steiger, wanamhoji tajiri Endicott ndani ya banda la kioo la maua. Larry Gates, anayecheza Endicott, anazungumza kwa adabu kuhusu okidi zake, akizilinganisha na watu weusi wanaohitaji kulishwa na kutunzwa. Anapotambua kwamba anahojiwa kama mshukiwa, anamzaba Tibbs kibao. Kabla hajashusha mkono, Tibbs amekwisha kumrudishia. Hakuna muziki, hakuna kusitasita. Mtumishi mweusi aliyeshika trei anatazama, mkuu wa polisi amepigwa bumbuazi. Poitier alisema ni yeye aliyetaka kibao hicho kirudishwe, akaweka sharti kisikatwe katika nakala yoyote, hata zile za majimbo ya Kusini. Wapo walioonyesha kwamba waandishi walikuwa nacho tangu awali. Vyovyote ilivyokuwa, katika sinema za 1967 watazamaji weusi walipiga kelele za shangwe na weupe wengi wakavuta pumzi.

Mwaka ule ulikuwa wake. *To Sir, with Love* na *Guess Who's Coming to Dinner* zilitoka pia, na 1968 wenye majumba ya sinema wa Marekani walimhesabu kuwa nyota namba moja kwa mauzo. Filamu ya Tibbs ilipata Oscar tano, ikiwemo ya Steiger, katika sherehe iliyoahirishwa kwa siku mbili kwa sababu ya kuuawa kwa Martin Luther King. Poitier hakuwamo hata katika orodha ya waliopendekezwa.

Na hapo kileleni ndipo watu wake walipoanza kumgeuka. Septemba 1967 mwandishi wa tamthilia Clifford Mason aliuliza katika *New York Times* kwa nini Wazungu wanampenda Poitier kiasi hicho. Jibu lake lilikuwa kali: kwa sababu anacheza mtu mweusi asiye na tamaa, asiye na mwanamke, asiye na hasira, anayekuja kutatua matatizo ya Wazungu. Tazama *Guess Who's Coming to Dinner* ukiwa na shutuma hiyo kichwani. Dk. Prentice ni daktari wa kimataifa, mnyofu kupita kiasi, na yuko tayari kumwacha mchumba wake wa Kizungu kama wazazi wa binti hawataridhia. Busu lao pekee linaonekana ndani ya kioo cha dereva wa teksi. Mason aliona sawasawa. Lakini Poitier alikuwa peke yake pale juu. Kila nafasi aliyoichukua ilibebeshwa watu milioni 20, na akicheza mlevi au mwongo angesemwa amewachafua wote. Aliumia sana, akarudi Bahama kwa muda kupumzika na kufikiri.

Aliporudi alikaa nyuma ya kamera. Aliongoza *Buck and the Preacher* mwaka 1972, kisha *Uptown Saturday Night*, vichekesho vilivyojaa waigizaji weusi wa kila aina, wajanja, wapumbavu, wahuni, wachungaji, kana kwamba anawagawia wengine mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. *Stir Crazy* ya 1980, aliyoiongoza na Richard Pryor na Gene Wilder, iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Katikati alirudi Kenya kwa *The Wilby Conspiracy* ya 1975, ambamo ardhi ya Kenya inasimama badala ya Afrika Kusini, naye na Michael Caine wanakimbizwa na polisi wa makaburu. Mwaka 1997 wawili hao walikutana tena, safari hii Poitier akiwa Nelson Mandela na Caine akiwa De Klerk.

Kuanzia mwaka huohuo hadi 2007 alikuwa balozi wa Bahama nchini Japani. Alifariki Januari 6, 2022, akiwa na miaka 94.

Machi 24, 2002, alipewa Oscar ya heshima. Alipanda jukwaani na kuwashukuru waongozaji na watayarishaji waliothubutu alipokuwa kijana, akiwataja kwa majina, pamoja na waigizaji weusi waliotangulia. Usiku huohuo Denzel Washington alipata tuzo ya mwigizaji bora, akainua sanamu yake kuelekea roshani alikokuwa amekaa Poitier, naye Poitier akainuka na kuinua yake. Ilikuwa imepita miaka 38 tangu tuzo ya *Lilies of the Field*, na katika miaka yote hiyo tuzo ile haikuwa imetolewa kwa mwanaume mwingine mweusi hata mara moja.